Nilivyofungua dashibodi ya Carina nikaweka swichi ya taa za ukungu bila kutoboa kitu

Jumamosi iliyopita kuanzia saa 6 mchana mpaka giza linaingia nilikuwa nje hapa nyumbani Uyole, Mbeya, nusu ya dashibodi ya Toyota Carina Ti yangu iko juu ya mkeka, majirani wanapita wanauliza mwalimu vipi gari limekufa, nawajibu hapana halijafa naweka swichi, wanaangalia ule mkeka wanaangalia gari wanaondoka kimya. Sasa watu wawili watatu wameniomba niandike nilivyofanya, nami nimeona niandike kwa urefu maana hii kazi mafundi wengi wanaifanya kwa kukimbiza na gari ndo linabaki na kovu.

Nianze na kwa nini. Mi nafundisha fizikia sekondari moja upande wa Kiwira, naishi Uyole, kwahiyo kila siku ya kazi nakata ile barabara ya Tukuyu asubuhi na jioni. Anayeijua hiyo barabara anajua Isyonje. Ukishapita Igawilo ukaanza kupanda unaingia kwenye wingu, siyo ukungu wa kusema huu ni umande, ni wingu lenyewe limekaa barabarani, saa 11 na nusu alfajiri mwezi wa sita wa saba huoni lami mbele ya boneti, na huku mbele yako kuna lori la viazi linapanda kwa gia ya kwanza halina hata taa moja ya nyuma, na kwa mbele linakuja semi la kutoka mpakani Kasumulu. Ukiwasha taa za fulu ndo umeharibu kabisa, mwanga unagonga yale matone unarudi machoni kwako unaona ukuta mweupe tu. Taa za ukungu zinasaidia kwa sababu zinakaa chini kwenye bampa na mwanga wake umelala, umetandaa pembeni, unapita chini ya macho yako, unaona mstari wa pembeni wa barabara na nyasi. Huo mstari ndo unaokufikisha.

Nilikuwa nazo taa hizo tangu mwaka juzi. Niliacha gari kwa fundi mmoja mjini asubuhi, jioni nikalikuta limefungwa taa na swichi. Sikuangalia sana, nilikuwa nimechoka, nikalipa nikaondoka. Kesho yake mchana ndo nikaona kwamba ile swichi ya kubonyeza ya mviringo ameiweka katikati ya kava ya chini ya usukani, na tundu lake hakulitoboa kwa kitu chochote cha maana, alilichoma. Amepasha chuma moto akakipitisha kwenye plastiki. Pembeni mwa tundu plastiki imeyeyuka ikatengeneza mdomo kama kidonda kilichopona vibaya. Gari ni la zamani, hizi Carina zilitengenezwa mpaka 2001 basi, hiyo kava huendi dukani ukaikuta mpya. Iliniuma na bado inaniuma, kwa sababu pale pale, sentimita kumi kulia kwake, kiwanda kilishaacha nafasi tatu za swichi zimezibwa na vifuniko vya plastiki. Ungevuta kifuniko ukachomeka swichi. Basi.

Halafu taa zenyewe zilikuwa zinafifia siku hadi siku, na mwezi wa tano nikaanza kusikia harufu ya plastiki inaungua nikiziwasha zaidi ya dakika kumi. Hapo nikazima na sikuwasha tena mpaka Jumamosi.

Hapa jirani kuna mzee fundi redio, siku hizi haoni vizuri lakini vifaa vyake bado anavitunza. Nilimfuata saa 2 asubuhi kuazima multimita, kile kifaa cha kupimia umeme. Shikamoo mzee. Marahaba mwanangu, unaenda kufanya nini nayo? Nikamweleza. Akaniuliza, unafungua saa hizi? Nikasema ndio. Akasema hapana, rudi kanywe chai, gari ligeuze lielekee jua, funga vioo vyote, uje kulifungua saa 6.

Huo ulikuwa ushauri mkubwa kuliko wote na nimeuweka mapema ili asiyesoma mpaka mwisho asiukose. Asubuhi ya Julai huku kwetu, mita kama 1,700 na ushee juu ya usawa wa bahari, plastiki ya gari lililolala nje ni kavu kama kaukau, na hasa plastiki iliyoshakula jua miaka ishirini na tano. Ukiivuta saa 2 ile miguu midogo ya klipu, vile vibanio vinavyoshika kava, haipindi, inakatika. Ikishapata jua masaa manne vioo vimefungwa, ukishika dashibodi unasikia moto mkononi, plastiki ileile inakubali kupinda kidogo na kurudi. Nilifungua vipande vinne siku hiyo na nimevunja mguu mmoja tu, na huo nahisi ulishakuwa na ufa wa yule fundi wa kwanza.

Basi saa 6 nikaanza. Cha kwanza betri, spana namba 10, unatoa hasi, siyo chanya, halafu unauweka ule waya mbali usije ukajirudia wenyewe. Halafu unasubiri. Toyota wenyewe wanasema subiri angalau sekunde 90 kabla hujagusa chochote karibu na usukani, kwa sababu ule mfumo wa eabegi, yale mabegi ya hewa, unahifadhi umeme wake wa akiba hata betri ikitolewa. Mi nilisubiri robo saa, sina haraka na kitu kinacholipuka usawa wa kifua changu. Na ukishafungua ukakuta waya au konekta ya rangi ya njano humo ndani, hiyo ni ya eabegi, usiichomoe, usiichune, usiipime na testa wala multimita. Waambie na watoto wanaokusaidia.

Vifaa nilivyotumia: bisibisi ya nyota fupi na ndefu, spana 10, koleo, tochi ya kichwani, tepu ya karatasi ile ya wapaka rangi, na mwiko. Mwiko wa mbao mdogo wa mboga, niliuchonga ncha ikawa bapa nyembamba nikaisugua na msasa. Vipo vijiti maalumu vya plastiki vya kubandulia kava na ukivipata nunua, lakini mbao inafanya kazi ileile kwa sababu ni laini kuliko dashibodi, kitakachoumia ni mwiko. Bisibisi bapa ya chuma usiitie kwenye ukingo wa kava hata siku moja, ile alama yake haitoki. Sehemu zote za kubandua nilizungushia tepu ya karatasi kwanza.

Na trei la mayai. Skrubu ya kwanza kishimo cha kwanza, na inayofuata kishimo kinachofuata, unafuata mstari, ukirudisha unaanza kutoka mwisho kurudi nyuma. Piga na picha kila hatua kabla hujachomoa konekta.

Kava ya chini ya usukani kwenye gari langu imeshikwa na skrubu chache unazoziona, halafu mkono wa kufungulia boneti nao una skrubu zake mbili, usipoutoa kava inakuja nusu inagoma na hapo ndo watu wanaivunja. Hiyo ndo kanuni niliyojifunza mchana wote ule: kava ikigoma usiongeze nguvu, kuna skrubu hujaiona. Iko chini ya kifuniko kidogo, au nyuma ya kisahani cha majivu, au pembeni pale mlango unapofunika ukiufunga. Tochi, angalia, papasa na kidole. Skrubu zikiisha zote zinabaki klipu tu, na klipu unaivuta kwa kuielekea ilikoingilia, moja kwa moja, vidole vyako vikiwa jirani kabisa na yenyewe. Ukishika kona moja ukavuta kama unabandua plasta, klipu ya kona ya pili inapinda upande inakatika. Unaenda moja moja, tak, unasogea, tak. Ile sauti ukishaizoea unaijua, ya klipu kuachia ni kavu na fupi, ya plastiki kupasuka ina mkwaruzo kabla yake, ukisikia mkwaruzo simama.

Klipu nyingine zinabaki kwenye chuma badala ya kuja na kava. Zichomoe na koleo uzirudishe kwenye kava palepale kabla hujasahau, maana ukirudishia kava bila klipu itashika, utaona safi, halafu ukifika kwenye lami mbovu inaanza kupiga kelele krr krr krr mpaka Tukuyu. Ile niliyovunja nilikuja kupata ya kufanana Mwanjelwa kwa wauza spea za mtumba Jumatatu, wana makopo yamejaa klipu tupu, na bei yake ni ya soda.

Sasa kava ilivyotoka nikaona kazi ya mwaka juzi.

Waya mwembamba, ule wa spika za redio. Ameuchukulia umeme kwenye waya wa swichi ya ufunguo, amechuna kidogo, akazungusha, akafunga tepu nyeusi ambayo sasa imekuwa ulimbo. Kutoka hapo umeenda kwenye swichi, kutoka kwenye swichi umeenda moja kwa moja mpaka kwenye taa. Hakuna fyuzi. Hakuna relei, kile kiboksi kinachowasha umeme mkubwa kwa kutumia umeme mdogo wa swichi. Na kama sentimita thelathini za ule waya maganda yamelainika yakashikana na waya za kiwandani zilizokuwa jirani. Nilikaa kwenye kiti nikauangalia kwa muda. Mke wangu analiendesha hili gari kila Alhamisi na watoto wote watatu nyuma.

Hesabu yenyewe ni ya kidato cha tatu. Taa mbili za wati 55 ni wati 110, gawanya kwa volti 12, unapata ampia 9 na kidogo. Ampia 9 kwenye waya wa spika ni jiko. Na ule waya unavyopata moto maana yake umeme unaupoteza njiani, ndo maana taa zilikuwa zinafifia. Siku za nyuma kidogo niliwahi kupima injini ikiwa inaunguruma, kwenye betri volti 13.9, kwenye taa 10.6. Taa za halojeni haziko kama pasi kwamba umeme ukipungua kidogo joto linapungua kidogo, ukipunguza volti kwa asilimia 10 mwanga unashuka karibu asilimia 30, sasa we fikiria hapo nilikuwa nimepoteza volti 3 nzima. Mi nilidhani vioo vya taa vimechafuka nikawa nasugua na dawa ya meno.

Relei ndo dawa yake na siyo kitu cha ajabu, ni kiboksi kidogo kina miguu minne imeandikwa namba. 30 inapokea umeme kutoka betri kwa waya mnene, na kwenye huo waya unaweka fyuzi, mi nimeweka ya 15, na fyuzi ikae karibu kabisa na betri, kwa sababu waya wote kabla ya fyuzi hauna ulinzi. 87 inapeleka kwenye taa. 85 unaifunga ethi, yaani upande wa hasi, kwenye bodi, kwa boliti, chuma ulichokwangua rangi. 86 inapokea ishara kutoka kwenye swichi. Basi, ampia 9 zinapita huko mbele kwenye injini kwenye waya wa milimita 2.5, na kwenye swichi yako ndani ya gari kinapita kiumeme cha kuamsha relei tu ambacho hakifiki hata robo ampia. Swichi haipati moto, waya wa ndani haupati moto, na unaweza kutumia swichi ndogo nzuri zile za kuchomeka kwenye nafasi za kiwanda.

Kuhusu swichi. Usiende dukani na kichwa tupu ukasema nataka swichi ya Toyota. Nafasi za Toyota zipo za umbo zaidi ya moja, zipo za mstatili mrefu na zipo fupi nene, na ikipishana milimita mbili haiingii au inaingia inacheza. Chomoa kile kifuniko chenyewe weka mfukoni nenda nacho. Nilienda nacho pale Kabwe nikajaribisha swichi nne, ya tano ikaingia kwenye kipimo cha kile kifuniko sawasawa, ina mchoro wa taa ya ukungu na ina taa mbili ndani, moja inawaka ukiwasha taa ndogo za gari ili uione gizani, nyingine inawaka ukiibonyeza. Waya zake nne, usibahatishe ipi ni ipi, pima na multimita kabla hujafunga, rangi za waya za hizi swichi hazifuati kanuni yoyote.

Umeme wa kuamsha relei nimeuchukua kwenye waya wa taa ndogo, siyo kwenye ufunguo. Nimefanya makusudi. Nikizima taa za gari na za ukungu zinazima zenyewe, kwahiyo hata kama nimefika shule nimechelewa nikakimbilia darasani siwezi kuziacha zinakula betri, na pia ukungu ukiisha kule Kiwira siendi nawapiga wenzangu machoni kwa kusahau.

Kupitisha waya kutoka ndani kwenda kwenye injini ndo sehemu iliyonichosha. Pale ukutani kati ya injini na miguu yako kuna tundu kubwa lina mpira, bunda la waya za kiwandani linapita hapo. Usitoboe tundu jingine. Nilinyoosha henga ya nguo, nikaipaka sabuni ya kipande, nikaipenyeza pembeni ya lile bunda kwenye mpira taratibu kutokea upande wa injini, mtoto wangu mkubwa yuko ndani na tochi ananiambia bado baba, bado, bado, imetokea! Nikafunga waya kwenye ncha ya henga na tepu, nikavuta. Upande wa injini waya nimeuacha ushuke chini kidogo kama tumbo kabla ya kupanda kuingia kwenye mpira, na hili kwa mvua za Rungwe ni la lazima, maji yanatembea juu ya waya kama mchwa, usipoyapa pa kudondokea yanaingia mpaka kwenye zulia na kwenye boksi la fyuzi.

Maungio yote nimebana na terminali, vile vichuma vya kubania ncha za waya, hakuna cha kusokota na tepu. Juu yake nimevisha ule mpira mwembamba unaojikunja ukiupasha moto. Zile waya za kiwandani zilizoungua maganda nilizitenganisha moja moja, mbili zilikuwa wazi kabisa shaba inaonekana, nikakata pale nikaunga kipande kipya. Hiyo peke yake ilikula saa nzima na nusu na sijutii hata dakika moja. Ndani nimezungushia tepu ya kitambaa maana tepu ya plastiki ikigusana na plastiki inalia.

Kabla ya kurudisha kava hata moja, rudisha betri ujaribu kila kitu, siyo taa za ukungu tu. Honi, indiketa, hazadi, redio, feni, taa za ndani. Washa ufunguo angalia ile taa ya eabegi kwenye dashibodi, inatakiwa iwake sekunde chache izime. Ikibaki imewaka umegusa kitu cha njano, zima, toa betri, angalia tena. Kwangu ilizima. Nikabonyeza swichi, nikasikia relei huko mbele tik, ukuta wa nyumba ya jirani ukawa mchana. Nikawasha injini nikapima kwenye taa, 13.4. Kutoka 10.6.

Lile tundu lililochomwa nalo nilikuwa nimeliwazia wiki nzima. Kava nyingine nimetafuta sijapata ya rangi hiyo, kwahiyo nililizungusha na msumeno wa duara wa milimita 28, lile eneo lote lililoyeyuka likatoka, nikasawazisha ukingo na msasa, nikaweka soketi ya kuchajia simu ya mviringo, imekaa pale imebana. Ina fyuzi yake yenyewe. Kidonda kimeondoka.

Kurudisha kava ni kurudi nyuma kwenye trei la mayai. Klipu zote ziko kwenye kava, unazilenga kwenye matundu yake kwanza zote, ndo unapiga na kiganja moja moja. Skrubu za plastiki usikaze kama nati ya tairi, ikifika mwisho robo tu basi.

Alhamisi mke wangu alichukua gari kwenda kwa mama yake Tukuyu, aliondoka saa 11. Sikuwa nimemwonyesha swichi iko wapi, nilisahau kabisa, nikakumbuka ameshaondoka na simu yake haipatikani kule juu. Akanipigia saa 1 kasoro amefika, nikamuuliza Isyonje kulikuwaje, akasema kulijaa haswa, nikauliza taa uliziwashaje, akanijibu si pale kwenye swichi zake, pana alama, kwani ilikuwa mahali pengine?

Imebaki taa ya kwenye buti, nataka niiwekee swichi pale nyuma kabisa ili tunaposhusha ndizi usiku tusishike simu mdomoni, lakini waya wake unapita nyuma ya zile kava ndefu za nguzo za pembeni, na zile ni nyembamba kuliko za dashibodi. Nasubiri mwezi wa kumi, jua likiwa kali.